Mzee na Motokaa Yake Kuukuu

Madereva wa Kwale wazijuao njia za udongo za Kinango na Shimba Hills wanafahamu jinsi zinavyovunja springi. Katika njia za namna hiyo hufanyika mbio za motokaa za zamani, East African Safari Classic, zilizoanzishwa mwaka 2003, nazo huchukua zaidi ya wiki moja.

Mwaka 2011 mshindi alikuwa Bwana Björn Waldegård wa Sweden, mzee wa miaka 68, katika Porsche 911 ndogo, mwanawe Mathias akimsomea njia. Safari ya kwanza aliyoshinda ilikuwa ya mwaka 1977. Mzee huyo alijua pa kukimbiza na pa kuihurumia motokaa. Wachukuzi wa nazi na korosho wa Msambweni nao wazingatie hilo: motokaa iliyovunjika haifikishi mzigo sokoni.