Mistari Tusiyoiandika: Jedwali la Vipimo vya Ramani katika Kanzidata ya Afya

Mtaalamu anayesimika nakala ya DHIS2 kwa ajili ya mafunzo, kisha akaichungulia kanzidata yake kabla ya kuingiza taarifa za zahanati hata moja, hukuta jambo la kushangaza. Lipo jedwali liitwalo spatial_ref_sys, nalo limekwisha kujaa mistari elfu kadhaa. Katika matoleo ya karibuni ni zaidi ya 8,000. Hakuna muuguzi aliyeiandika, wala haikutoka katika kitabu chochote cha MTUHA. Ni rahisi kudhani kuwa ni mabaki ya majaribio ya watu wengine, na mkono ukawa mwepesi kufuta.

Isifutwe. DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo hupokea ripoti za vituo vya afya vya Tanzania, hutunza taarifa zake katika PostgreSQL, ikisaidiwa na nyongeza iitwayo PostGIS inayoiwezesha kanzidata kuelewa mahali. Jedwali hilo huja na PostGIS yenyewe. Kila mstari wake hueleza namna moja ya kupima uso wa dunia: umbo la dunia lililokadiriwa, mahali kipimo kinapoanzia, na jinsi uso huo wa mviringo unavyotandazwa juu ya karatasi.

Kwa mkoa wa Simiyu, mistari mitatu ndiyo yenye uzito. Namba 4326 ni WGS 84, kipimo cha satelaiti kinachotumiwa na simu zetu. Namba 32736 ni kipimo hichohicho kikiandikwa kwa mita, katika ukanda wa 36 kusini mwa ikweta, ambamo Bariadi imo kwa kuwa iko karibu na longitudo 34 mashariki. Namba 21036 ni ya ukanda uleule, lakini kwa Arc 1960, kipimo cha zamani cha Afrika Mashariki kilichomo katika ramani za karatasi zilizochapwa Bariadi ilipokuwa bado chini ya Shinyanga, yaani kabla ya 2012.

Mistari hiyo ikifutwa, PostGIS hukataa kubadili vipimo na kutoa ujumbe wa kosa. Jedwali hurejeshwa kwa faili lake la asili. Kosa linalopiga kelele lina nafuu. La kuogopwa ni kuchagua mstari usio wake.

Tuseme afisa wa afya katika kata ya Sapiwi amesoma mahali pa kisima kutoka ramani ya karatasi, akaandika chini ya namba 32736 badala ya 21036. Kompyuta haitalalamika. Kisima kitahama takriban mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini, ilhali nyumba za wagonjwa zilizopimwa kwa simu zitabaki mahali pake. Kipindupindu kikizuka, kisima hicho chaweza kuonekana ng'ambo ya mto, kikihudumia kaya nyingine kabisa, na klorini ikapelekwa kusikohitajika.

Njia ya kuhakiki ni nyepesi: simama kisimani na simu, mahali pa wazi, ulinganishe. Simu hukosea kwa mita chache. Tofauti ya mita 300 haitokani nayo. Hapo rekodi ipewe kwanza namba yake ya kweli, 21036, ndipo igeuzwe kuwa 4326. Ukianza kwa kugeuza, unageuza kosa.