Je, Wajua? Jua la Likoni na Programu za Kulituliza

Mara mbili kwa mwaka, mlingoti wa stima wa Likoni hukosa kivuli

Likoni ni mtaa wa Mombasa, na Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa karibu na tarehe 10 Machi, na tena karibu na tarehe 3 Oktoba. Machi ni kama saa sita na nusu mchana, Oktoba ni kama saa sita na dakika kumi. Toka nje uangalie: kivuli chako kimejificha chini ya nyayo zako!

Jua kali namna hiyo hufikisha mwangaza wa lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), ilhali chumba chenye taa nzuri kina mia chache tu. Mtu aliyesimama njiani na mwenzake aliye ndani ya mlango wametengana hatua mbili tu, lakini mwanga unaowaangukia unaweza kutofautiana mara 500. Kamera ikimshika wa nje, wa ndani anageuka giza tupu. Ikimshika wa ndani, wa nje anaungua akawa mweupe kama pamba. Dawa ya tatizo hili wapiga picha huiita HDR: unapiga picha kadhaa za mahali pamoja, moja ya giza, moja ya kati, moja ya kung'aa, kisha programu inachukua kilicho kizuri katika kila moja na kuzifanya picha moja.

Ujanja huu una umri mkubwa kuliko balbu ya Edison

Mwaka 1857, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha ya wimbi kubwa huko Sète, pwani ya Ufaransa. Vifaa vya siku hizo havikuweza kushika bahari na mawingu kwa mkupuo mmoja, basi akatumia negativu mbili, moja ya maji na moja ya mbingu, akaziunganisha pale upeo wa macho. Edison alionyesha balbu yake 1879, miaka 22 baadaye. Programu za picha hazikuwapo hata ndotoni.

Likoni iliwahi kupata jibu lake bila programu yoyote

Miaka ya 1990, karibu na kivuko, wapiga picha walijenga vibanda vya mbao na kutundika ndani yake mapazia yaliyochorwa: meli, ndege, majumba ya miji ya mbali. Msafiri anayeshuka kwenye feri alisimama mbele ya pazia, akapigwa picha akiwa safarini ughaibuni. Mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Heike Behrend, aliandika sura nzima kuwahusu katika kitabu kilichotoka 2003.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni fizikia ya vibanda vile. Mbingu ya kweli hung'aa kuliko uso wa mtu aliye kivulini, na hapo ndipo picha huharibika. Lakini mbingu iliyochorwa kwenye kitambaa hupata mwanga uleule unaomwangukia mteja, kwa hiyo vyote viwili hutokea vizuri kwa mkupuo mmoja. Fundi wa pazia alikuwa amelimaliza tatizo kwa brashi na kopo la rangi.

Programu ya HDR ni kondakta wa matatu

Picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi. Faili ghafi ya kamera nzuri, ile ambayo haijachakatwa, huweza kuwa na ngazi 16,384, yaani mara 64 zaidi. Ukiunganisha picha tatu, ngazi zinaongezeka tena. Fikiria feri nzima imeshusha abiria, na matatu iliyopo ni moja, ya watu 14. Nani akae, nani asimame, nani abanwe kwenye kona?

Hiyo ndiyo kazi ya programu: kuubana mwanga mwingi uenee kwenye kioo kidogo. Na kila programu ina kondakta wake. Photomatix, iliyotoka 2003, inakupa mitindo mingi ya kubana, kuanzia ya upole hadi ile ya rangi zinazopiga kelele. Lightroom, tangu 2015, inakuachia faili laini ambayo unaendelea kuihariri mwenyewe. Ndiyo maana picha tatu zilezile, zikipita programu mbili, hutoka kama ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Msingi wa hesabu zenyewe uliimarishwa 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoonyesha jinsi ya kukadiria mwanga halisi wa mahali kutokana na picha za kawaida.

Mtoto mmoja anaweza kuwa na miguu sita

Piga picha tatu kwenye ufuo wa Shelly Beach, maji yakiwa yamekupwa na mtoto anakimbiza mpira. Kwenye picha ya kwanza yuko kushoto, ya pili katikati, ya tatu kulia. Ziunganishe bila uangalifu, utapata mtoto mwenye miguu sita, mwili wake umepauka kama moshi, na mchanga unaonekana kupitia kifuani mwake. Hivi ni vizuka, na programu nzuri huvitafuta na kuvifuta. Lightroom ina viwango vitatu vya kazi hiyo: chini, kati na juu. Kama unapenda kupiga picha za watu, unapochagua programu weka uwezo huu wa kufuta vizuka mbele ya vigezo vingine vyote. Nyumba haikimbii, watu hawatulii.

Simu zimepata njia ya mkato. Kwenye simu ya Nexus 5 ya 2013, Google ilianza kutumia mfululizo wa picha za haraka, zote za giza kidogo, ambazo simu ilizipanga moja juu ya nyingine kabla hujapepesa macho. Ulidhani umepiga moja, kumbe umepiga kadhaa.

Programu ya dola 500 iligeuka bure

Mkusanyiko wa programu za kampuni ya Nik, wenye programu ya HDR ndani yake, uliuzwa karibu dola 500. Google iliinunua kampuni hiyo 2012, ikashusha bei hadi dola 149 mwaka 2013, na Machi 2016 ikautoa bure kabisa. Mwaka uliofuata ikauuzia DxO ya Ufaransa, na bei ikarudi. Lakini mdogo wake alibaki bure: Snapseed, ya mikono ileile ya Nik, ambayo ina kichujio cha HDR na inaingia kwenye simu ya kawaida. Kwa kompyuta, Luminance HDR ni bure pia. Zamani iliitwa Qtpfsgui, jaribu kulitamka!

Chokoleti ilisaidia ngozi nyeusi kuonekana

Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth aliandika 2009 kwamba watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao ndio waliolalamika kwamba filamu haitofautishi hudhurungi moja na nyingine, na malalamiko yao yakasukuma filamu bora. Mwaka 2021 Google ilitoa Pixel 6 ikitangaza kamera inayoshika vizuri ngozi za rangi zote.

Kwetu hili ni jambo la nyumbani. Asubuhi ya Idd, Kisauni: babu barazani kwa kanzu iliyopigwa pasi, bibi pembeni yake kwa buibui, na nyuso mbili za hudhurungi katikati ya weupe na weusi huo. Programu ikionyesha mikunjo ya kanzu na ya buibui lakini ikazifanya nyuso kuwa za kijivu kama majivu, iache. Haijui kazi.

Kipimo kizuri cha programu kimesimama Kengeleni

Mtaa huo wa Mombasa umepata jina kwa kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa watu walioachwa huru kutoka utumwani. Kengele imening'inia kivulini kwenye mnara, na nyuma yake ni mbingu tupu. Piga picha tatu, zipitishe kwenye programu mbili za bure, kisha tazama ukingo wa mnara: ukiona ukanda mweupe umeuzunguka kama moshi wa ubani, programu imebana kupita kiasi.

Nenda jioni, na usichelewe. Mombasa, jua likishazama, mwanga wa kufaa hudumu dakika 21 hivi. London mwezi wa Juni hupata zaidi ya 45.