Duka la dawa: soma kibali kabla ya bei

Mkulima wa Buganguzi, Muleba, akitaka kuweka fedha za kahawa kwenye duka la dawa, huulizia kwanza bei ya jumla na kodi ya pango. Kampuni kubwa za dawa huanza kwingine. Zina mwanasheria wao wa kuajiriwa, na mzigo haulipiwi kabla hajapitia vibali.

Mwanasheria huyu haonekani sana mahakamani. Kazi yake ni kujua kipi kiko chini ya nani. Dawa yenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyotokana na TFDA mwaka 2019. Chakula na vipodozi vikahamia TBS. Duka na mtoa dawa wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya 2011. Ukiongeza maabara, kuna bodi nyingine tena.

Hasara huingilia hapo. Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, haliruhusiwi kuuza kila dawa inayouzwa famasi. Mzigo unaweza kuwa umesajiliwa, haujaisha muda, una risiti safi, na bado usiruhusiwe kwenye rafu hiyo. Mtaji umelala.

Duka moja haliwezi kulipa mshahara wa mwanasheria, hilo linaeleweka. Lakini orodha ya dawa zinazoruhusiwa ipo, na mfamasia wa wilaya yupo. Mwekezaji ampelekee orodha ya mzigo kabla ya kulipa, siyo mkaguzi akiwa mlangoni.