Mzinga wa Rufiji Uliolinda Ziwa Tanganyika Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza

Kwa wakazi wa Mwandiga wanaoteremka hadi Bandari ya Kigoma, MV Liemba ni meli ya abiria na mizigo. Hata hivyo, meli hiyo ilianza kazi ikiwa chombo cha vita, na silaha yake kuu ilitoka upande wa pili wa nchi, katika delta ya Mto Rufiji.

Mzinga huo ulikuwa miongoni mwa mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Kila mmoja ulikuwa na mdomo wenye kipenyo cha milimita 105 na uliweza kurusha kombora umbali wa takribani kilomita 12. Tarehe 20 Septemba 1914, mizinga hiyo iliizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baadaye Königsberg ilijificha Rufiji, ikashambuliwa na Waingereza na kuzamishwa na mabaharia wake tarehe 11 Julai 1915.

Mizinga yote iliopolewa na kuburutwa na vibarua Waafrika hadi Dar es Salaam. Kwa kuwa iliundwa kufungwa kwenye sitaha ya meli, karakana ziliitengenezea magurudumu ili itumike nchi kavu. Mmoja ulisafirishwa kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hiyo nayo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kuletwa Kigoma vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000.

Mzinga huo uliipa Götzen nguvu ambayo boti ndogo za Waingereza ziwani hazikuweza kukabiliana nayo. Hata hivyo, mwaka 1916 ulihitajika katika mapigano ya nchi kavu, ukaondolewa na nafasi yake kuwekwa mzinga bandia wa mbao. Majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli hiyo tarehe 26 Julai 1916, baada ya kupaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirejea kazini kwa jina la Liemba.

Huko nchi kavu, mizinga ya Königsberg ilivutwa kwa nguvu za watu, na makombora yalibebwa na wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walipoteza maisha kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Leo mzinga mmoja wa manowari hiyo umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Kwa upande wa Kigoma, kumbukumbu iliyobaki ni meli yenyewe, iliyopoteza mzinga wake lakini ikaendelea kuwahudumia wananchi wa mwambao kwa miongo mingi.