Kwa nini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hupumua kwa shida

Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Ndani ya vifuko hivyo kuna utando mwembamba, wa mafuta hasa, unaovizuia visigandamane mtu anapotoa pumzi. Seli za mapafu ndizo hutengeneza mafuta hayo: protini iitwayo ABCA3 huyapakia kwenye vihifadhi vidogo ndani ya seli, kisha seli huyamwaga nje. Kwa kawaida huwa ya kutosha mimba ikikaribia wiki 35. Anayezaliwa mapema zaidi huwa hana akiba hiyo, ndiyo maana huguna na mbavu zake huingia ndani.

Sindano ya deksamethasoni anayopewa mama huharakisha kazi hiyo, lakini huhitaji takriban siku nzima ili ifanye kazi vizuri. Hapo ndipo kusubiri nyumbani kunapogharimu.

Mama, ukiona uchungu, maji au damu kabla ya wakati, usiishie kliniki ndogo ya mtaani. Nenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Hapa Kampala, Kawempe ni mojawapo. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa hospitali za serikali sawa na raia. Beba kadi ya kliniki, maana muuguzi ataanza kwa kuhesabu wiki.