Pua, Sikio na Lenzi ya Milimita 105

Shangazi yangu alipopokea picha niliyompiga kwa lenzi ya milimita 50, aliitazama kitambo kirefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, pua hii umeitoa wapi?" Nilikuwa nimemsogelea mpaka uso wake ukaijaza picha, sentimita 60 hivi kutoka puani. Mwanga wa baraza ulikuwa mzuri, kope zilihesabika. Lakini hakuwa yeye. Pua ilikuwa imetangulia, masikio yamerudi nyuma kama yanayojificha.

Wapo wanaosema lenzi ndiyo hupotosha sura. Hapana, kosa lilikuwa la mahali niliposimama. Kutoka ncha ya pua hadi sikioni kuna kama sentimita 12. Nikiwa sentimita 60 kutoka puani, sikio liko sentimita 72 kutoka kwangu, kwa hiyo pua inaingia kwenye filamu ikiwa imekuzwa kwa asilimia 20 zaidi ya sikio. Nikirudi nyuma mpaka sentimita 140, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 9 tu, na uso unarudi kuwa ule tunaouona tukizungumza na mtu kwa heshima, yeye kwenye kiti chake na sisi kwenye chetu.

Taabu ni kwamba ukirudi nyuma na lenzi ileile ya 50, uso unakuwa mdogo na sehemu kubwa ya picha inabaki ukuta. Hapo ndipo inapohitajika telefoto fupi, yaani lenzi ya milimita 85 hadi 135 kwa kamera ya filamu ya milimita 35. Wengi hudhani telefoto ni ya kuvutia simba walio mbali. Hii fupi ni ya watu. Inakuwezesha kusimama pale uso wa mtu unapotaka usimame, na bado uso huo ukaijaza picha.

Ipi kati ya hizo? Ya 135 ndiyo utakayoikuta kwa bei nafuu, maana karibu kila kiwanda kiliitengeneza kwa wingi. Nje inafaa sana, ila ndani ya chumba cha kawaida mgongo wako utagonga ukuta kabla hujapata kichwa na mabega. Ya 85 inapendwa, na bei yake inajua kuwa inapendwa. Mimi nasimama katikati, na nikitakiwa kutaja moja, nitataja Nikkor ya milimita 105, f/2.5.

Lenzi hii ilianzia kwenye kamera za Nikon zisizo na kioo cha ndani, na Nikon F ilipotoka mwaka 1959 nayo ilikuwamo kati ya lenzi zake za mwanzo. Vioo vyake 5 vilipangwa katika mafungu 3, kwa mtindo wa Sonnar uliobuniwa na Mjerumani Ludwig Bertele. Mwaka 1971 Nikon waliupanga upya: vioo vikabaki 5, mafungu yakawa 4, ili picha za karibu zitoke safi zaidi. Kwa nje ungedhani ni lenzi ileile.

Ishike mkononi. Ni chuma na kioo, karibu nusu kilo. Kwenye matoleo ya baadaye kinga ya jua imo humohumo mwilini. Unaivuta mbele kwa vidole viwili. Pete ya fokasi inazunguka kwa uzito wa taratibu, kama kifuniko cha chupa kilichopakwa mafuta mazito. Ukichungulia, katikati utaona kiduara kilichokatwa nusu mbili. Peleka mkato huo kwenye ukingo wa chini wa jicho: mstari umevunjika, unazungusha, unazungusha, mara unaungana. Kwenye lenzi zenye kitundu kidogo, kama f/5.6, nusu moja ya kiduara hicho hugeuka nyeusi na huoni unachofanya. Kwa f/2.5 kinabaki cheupe hata jioni. Kwangu hiyo ni sababu nzito kuliko mandhari ya nyuma kuyeyuka, jambo linalosifiwa kila mahali.

Na uwe makini. Katika umbali wa sentimita 140, kitundu kikiwa wazi kabisa, sehemu iliyo kali haifiki sentimita 3. Jicho litakuwa kali na sikio litakuwa ukungu. Mtu akipumua na kuinama kidogo, umekosa. Kwa f/5.6 unapata kama sentimita 6, na mimi huishia hapo mara nyingi. Shata isishuke chini ya 1/125 kama huna stendi.

Ni kwa lenzi hii, ikiwa kwenye Nikon FM2, Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistani, mwaka 1984. Picha ilitoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985 na dunia nzima ikaijua. Mwenyewe aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2002, akiwa mtu mzima. Jambo hilo linanikaa rohoni kila nikiinua kamera, ndiyo maana siku hizi nikisafisha mkanda, nakala ya kwanza ni ya mwenye uso.

Ukienda kununua, chukua tochi. Fungua kitundu chote, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Yangu ya kwanza ilikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Muuzaji alisema ni vumbi. Ilikuwa kuvu, na kuvu hula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Sisi wa pwani tunaijua hewa yetu: usiifungie lenzi kwenye mfuko wa ngozi, ngozi hushika unyevu. Angalia pia vibati vya kitundu. Vinapaswa kufunga papo hapo, bila mafuta. Na kama kamera yako ni FM2, usiivalishe lenzi ya kabla ya 1977 ambayo haijabadilishwa pete yake. Zinazofaa utazitambua kwa safu ya pili ya namba ndogo kwenye pete ya kitundu.

Mwaka uliofuata nilimrudia shangazi. Nilikaa mwisho wa baraza, yeye akaendelea kuchambua mchele, na nilipomwita akainua uso. Nakala aliomba mbili, moja ya kumpelekea dada yake Tanga.