Dripu Sebuleni, Jicho la Muuguzi Lisibanduke

Kila baada ya wiki tatu au nne, sebule nyingi nchini Marekani hugeuka wodi kwa saa kadhaa. Mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili za kutosha tangu kuzaliwa hukaa kwenye kochi lake, huku dawa ya kingamwili iitwayo imunoglobulini ikidondoka taratibu kuingia mshipani. Kwa mtu kama huyo, kikohozi cha jirani wodini ni hatari. Nyumbani kuna nafuu yake.

Lakini dawa hii si maji ya chumvi. Hutengenezwa kwa plazma ya maelfu ya wachangiaji, na iliidhinishwa huko kutolewa kwa mshipa mwaka 1981. Wengi huishia kuumwa kichwa, homa au kutetemeka kwa baridi. Wachache hupata mzio mkali, figo hushindwa kazi, au damu huganda mishipani. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la damu kuganda liandikwe kwenye dawa zote za aina hii.

Ndiyo maana dozi za kwanza hutolewa mahali penye daktari. Nyumbani, muuguzi huhakiki jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Chupa iliyotoka kwenye friji huachwa iishe ubaridi. Haitikiswi, maana hutoa povu. Mgonjwa hunywa maji ya kutosha. Dripu huanza polepole, na kasi haiongezwi kabla ya kupima presha, mapigo ya moyo na joto. Kifua kikibana, dripu hufungwa papo hapo, na adrenalini iwe karibu.

Tangu 2004, bima ya serikali ya Medicare ililipia dawa hii nyumbani kwa wagonjwa wenye upungufu huo wa kingamwili wa kuzaliwa nao, ila si muuguzi wala vifaa. Majaribio ya kulipia huduma hiyo yalianza 2014. Malipo hayo yakawa ya kudumu Januari 1, 2024. Miaka 10 ya mwanzo chupa ilikuwa na mlipaji, mkono wa kuitundika haukuwa naye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa dripu hii nyumbani, usikubali anayeitundika aondoke kabla haijaisha. Na siku zinazofuata, mguu ukivimba, pumzi ikikata au shingo ikikakamaa, mkimbizeni hospitali.